Mashine Zima

Mungaa, Singida
8 Agosti 1954

Kaka yangu Damiani,

Shikamoo. Nakuamkia mimi mdogo wako Raheli, na nyuma yangu wanakuamkia wote wa nyumbani. Mama yupo. Magoti yanamsumbua asubuhi tu. Jua likishapanda anatembea hadi kanisani na kurudi, akiwasema watu njia nzima. Mwanangu Filipo ameota meno mawili na ameanza kuuma. Mtama haukuwa mwingi lakini tumevuna. Mama anauliza utakuja lini. Ameniagiza niliandike swali hilo juu kabisa, usije ukasema hukuliona.

Sasa neno lenyewe. Unajua kwamba tangu mwaka juzi tuna kisima kirefu cha serikali. Kwenye kibanda cha bati kuna jenereta, nayo inapeleka umeme kwenye mota inayozungusha pampu. Mume wangu Simeoni ndiye aliyefundishwa kuiendesha. Ukutani kuna kasha la chuma, na ndani yake kuna kitu ambacho fundi aliyekuja kufunga mitambo alikiita relei. Sisi tunakiita askari, kwa sababu mashine ikizidiwa kinaisimamisha.

Mwezi huu askari ameingiwa na wazimu. Mashine inawaka vizuri, maji yanatoka, watu wanashangilia, na kabla maji ya ugali hayajachemka, tak! kimya. Simeoni anangoja kipoe, anabonyeza kitufe, tunaanza tena, na tak! tena. Visima vya mchanga vimekauka na ng'ombe wa pande zote wanaletwa hapa. Jana walivunja ua. Wapo wanaosema Simeoni ana mkono wenye nuksi, na wapo wanaosema mengine ambayo siyaandiki. Jumbe wetu, Mzee Mughwai, anataka askari afungwe kwa mpira wa baiskeli ili asiweze kuruka. Tumemwandikia Bwana Maji, afisa wa serikali wa visima huko Dodoma, hajajibu.

Simeoni amekataa kumfunga, lakini yuko peke yake. Akimfunga na mota ikafa, atalaumiwa yeye. Asipomfunga na ng'ombe wakafa, atalaumiwa yeye vilevile. Kazi hii ndiyo inayotulisha, na jina lake limo ndani yake. Wewe ndiye fundi wa umeme pekee tunayemjua. Tusaidie.

Simeoni hajui kwamba nakuandikia. Au labda anajua, maana yeye ndiye aliyeninunulia stempu, ila hakuuliza ni ya nani.

Mdogo wako,
Raheli

*

Shamba la mkonge, Korogwe
30 Agosti 1954

Raheli mdogo wangu,

Marahaba, na Mungu awakuze. Barua yako imenikuta salama, ila mvua za huku haziishi na nguo hazikauki. Mkonge unakatwa kwa wingi na mashine ya kuuchakata, ile tunayoiita korona, haipumziki. Mpe Mama salamu zangu na kitambaa nilichokifunga humu. Mwambie Filipo mjomba wake naye huuma.

Kuhusu mashine ya huyo bwana wako. Kwanza, msimtukane askari kabla hamjamsikiliza. Relei huchaguliwa kama kiatu, kwa kipimo cha mguu utakaokivaa. Akiwa mdogo kwa mota, ataisimamisha bure. Akiwa mkubwa, atasinzia huku nyumba inaungua. Basi tazameni kibati kilichopigiliwa ubavuni mwa mota. Kuna namba yenye herufi A mbele yake. Hizo ndizo ampia, yaani umeme ambao mota imeruhusiwa kula. Kisha tazameni kigurudumu kidogo kwenye relei, kina namba zake na alama. Niandikieni namba zote.

Pili, nijue kama anaruka mchana tu au hata alfajiri. Askari wa namna hiyo ana vibati ndani vinavyopinda kwa joto, na mkimweka kwenye kibanda cha bati kwenye jua la Singida ataruka hata kama mota haina kosa. Hapo dawa ni dirisha.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Umeme unakwenda kwenye mota kwa nyaya tatu. Kwenye jenereta kuna saa yenye sindano ya kupima kila waya. Mashine ikiwa inakwenda, pimeni waya wa kwanza, wa pili, wa tatu. Pimeni mwanzo, na pimeni tena karibu na kusimama.

Na msimfunge. Askari anayepiga kelele si yeye mwizi.

Kaka yako,
Damiani

*

Mungaa
Jumapili, 19 Septemba 1954

Kaka Damiani,

Shikamoo. Kitambaa kimefika. Mama amekivaa kanisani na kuwaambia wanawake wote ni cha Korogwe, hata wale wasiouliza. Filipo alikuwa na homa, sasa amepona. Mama anasema kitambaa si jibu. Utakuja lini?

Na jambo moja kabla sijasahau. "Huyo bwana wako" ana jina. Najua uliyoyasema siku ya posa yangu, kwamba mchunga ng'ombe hakufai kuwa shemeji. Miaka minane imepita, na mchunga ng'ombe sasa anachunga mota.

Haya ndiyo majibu. Mota imeandikwa 21. Relei inaanzia 16 na kuishia 24, na alama imekaa kwenye 21. Anaruka hata alfajiri na baridi yake. Sindano tulizipima, Simeoni akisoma na mimi nikiandika. Mashine ikianza, nyaya zote tatu zinakaribia 20. Baada ya muda kidogo wa kwanza unapanda hadi 33, wa pili vilevile, na wa tatu unashuka mpaka karibu na sifuri. Hapo mota inabadili sauti, inakoroma, halafu askari anakata.

Lakini kaka, hatuna muda. Ndama wameanza kufa. Wazee wamekaa jana na Jumbe ametoa amri, kesho Jumatatu askari anafungwa. Simeoni amesema hawezi kushindana na kijiji kizima, ila ameapa atakaa na mkono juu ya mota, na kila ikimchoma ataisimamisha mwenyewe. Nimemwuliza atakaa hivyo hadi lini. Akasema mpaka shemeji ajibu.

Kumbe alijua.

Raheli

*

SIMU. KOROGWE, 4 OKTOBA 1954
RAHELI SIMEONI MUNGAA SINGIDA
ASKARI HANA KOSA MASHINE ZIMA
DAMIANI

*

Korogwe
4 Oktoba 1954

Raheli,

Nakuandikia kwenye benchi la posta, nimetoka kupiga simu ya maandishi sasa hivi. Salamu utanisamehe. Simu itatangulia, barua hii itaifuata kueleza.

Namba zako zimenitisha. Askari amechaguliwa sawasawa na amewekwa sawasawa. Kosa ni ule waya wa tatu. Mahali fulani, nadhani kwenye kishikio cha fyuzi, umelegea au umeungua. Ukiwa baridi unagusa, ukipata moto unaachia, na mota inabaki kuvuta kwa nyaya mbili. Ni kama plau ya ng'ombe watatu, mmoja akachomoka kwenye nira katikati ya shamba. Wawili hawasimami, wanaendelea kuvuta huku wanakufa. Askari alikuwa anawafungulia nira, nanyi mkamfunga yeye.

Kama nilivyosema kwenye simu, mashine izimwe. Isiwashwe hata kwa kikombe kimoja cha maji. Kisha huyo bwana, ninamaanisha Simeoni, azime na jenereta, atoe fyuzi zote tatu na kutazama vishikio. Atakapoona weusi, hapo ndipo. Apasugue kwa msasa mpaka pang'ae, akaze skrubu, afungue mpira, ajaribu. Ni kazi ya asubuhi moja.

Damiani

*

Mungaa
8 Oktoba 1954

Kaka yetu!

Shikamoo mara mia! Nakuandikia huku nimesimama, lori la Hirji, yule mwenye duka mjini, linanguruma nje na ndilo litakalochukua barua hii. Ndilo lililoleta simu yako asubuhi. Karani wa Jumbe, Manase, ameisoma kwa sauti mbele ya watu wote pale birikani, ng'ombe wanaponyweshwa: askari hana kosa, mashine ni zima! Wanawake wamepiga vigelegele. Jumbe amesema hukusoma bure. Mama ameketi kwenye kiti cha Jumbe na hataki kuondoka.

Simeoni ameutoa mkono juu ya mota. Viganja vyake vimebabuka, kaka, usingependa kuviona. Sasa amelala kivulini kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na pampu inalia, naisikia hata hapa. Ng'ombe wanakunywa mpaka wanapumua kwa kishindo.

Dereva ananiita. Mungu akubariki.

Raheli

*

Mungaa
25 Oktoba 1954

Kaka Damiani,

Shikamoo. Mama hajambo. Filipo hajambo.

Mota imeungua. Iliungua siku ileile niliyokuandikia, jua lilipoanza kuteremka. Ulitoka mkoromo, kisha harufu kama ya nywele zilizochomwa, kisha moshi. Simeoni aliamka akakimbia, akakuta imekwisha. Barua yako ya kueleza imefika siku nne baadaye. Niliisoma pale kwenye neno "izimwe" nikakaa chini barabarani.

Sasa tunachimba mchangani kwa mikono kama zamani, na wenye ng'ombe wengi wamehamia upande wa Kintinku. Watu wanasema Simeoni amechoma maji. Watoto wamelifanya wimbo. Bwana Maji ameandika kwamba atakuja mwezi wa Desemba kufanya baraza, na aliyeharibu mali ya serikali atafukuzwa, labda ashitakiwe. Na karani Manase, yuleyule aliyesoma kwa furaha, sasa anawaambia watu kwamba simu ilisema wazi mashine izimwe, naye alisoma hivyo, ila Simeoni ni mkaidi. Karatasi ya simu anayo yeye, na anawaonyesha: hii hapa, "zima". Nao wanatikisa vichwa. Jumbe amenyamaza, maana amri ya mpira ilikuwa yake.

Simeoni anaamka, anafagia kibanda cha mashine iliyokufa, anafunga mlango.

Nakuomba jambo moja, na ninaliomba nikijua uzito wake. Mwandikie Bwana Maji kwamba ulimaanisha mashine ni zima, haina kosa. Wewe uko mbali, hawatakufanya kitu. Sentensi moja tu kaka, na mume wangu amepona.

Raheli

*

Korogwe
13 Novemba 1954

Raheli mdogo wangu,

Naandika nikiwa na afya, sina furaha. Msalimie Mama. Mwambie nimelisikia swali lake mara zote, sikuwa kiziwi.

Ombi lako nimelala nalo na kuamka nalo. Nilipolisoma mara ya kwanza nilikasirika. Nilisema, hawa watu hawajui kusoma? Neno ni moja na liko wazi! Nikachukua nakala ya simu nikaenda nayo korona saa ya kula. Nikamwonyesha Mbondei mmoja, kisha Mdigo mmoja. Wote wakajibu palepale: unaamuru mashine izimwe. Ingekuwa salama ungeandika "nzima". Moyo wangu ukatulia. Kisha nikamwonyesha Antipasi, Mgogo wa Kintinku, anayepanga majani kwenye mkanda. Akasoma, akatabasamu, akasema, "Hongera, mashine yenu haina neno." Nikamwita Mnyiramba mmoja wa Kinyangiri. Naye hivyohivyo.

Nilikaa juu ya makapi ya mkonge mpaka king'ora kikalia. Zamani nami ningesoma kama Antipasi, maana kwetu bara mashine isiyo na kosa huitwa zima. Nimekaa huku hata ulimi wangu umehama, na sikujua kwamba umehama. Ningekuwa nakuja nyumbani ningejua. Nimeumia, Raheli, kuliko nilivyoumia kwa mota.

Sasa unisikilize. Siwezi kuandika kwamba nilimaanisha nzima. Nikisema hivyo, Bwana Maji ataandika kwenye vitabu vyake kwamba fundi mzoefu aliruhusu mota ivute kwa nyaya mbili, na kesho mahali pengine watafunga askari mwingine na kunitaja mimi. Askari wa mashine ni lazima awe na neno moja tu. Mimi nilituma onyo lenye maneno mawili tumboni. Karani wa posta alikuwa anavuta dirisha kulifunga, nami nikaona maneno machache yanatosha. Kosa la namna hiyo halifai kutetewa kwa karatasi nyingine, maana karatasi haiwezi kuulizwa swali ikajibu. Mtu anaweza.

Kwa hiyo nakuja. Nitasimama mbele ya baraza niseme nilichomaanisha na nilichoandika, nao waamue kama mchunga mota angeweza kuotea. Nitakuja na waya wa kusukia mota upya, koili zake nitazisuka hapohapo Mungaa.

Meneja amekataa ruhusa. Nyumba ya jenereta inatafuta msimamizi, na jina langu ndilo lililokuwa juu. Amesema nikiondoka sasa atapewa mwingine. Nilikuwa nimeitamani kazi hiyo sana, sikufichi. Nimemjibu kwamba nimeelewa.

Nilisema kwenye posa yako kwamba sitalala nyumbani kwa Simeoni hata siku moja. Mwulize shemeji kama bado kuna nafasi ya kutandika ngozi.

Damiani

*

Mungaa
23 Januari 1955

Kaka Damiani,

Shikamoo. Natumaini gari moshi halikukuchosha na kwamba umekuta chumba chako hakivuji. Mvua imetupa haki yetu, mtama umefika magotini. Filipo anatembea na anakutafuta nyuma ya mlango. Mama haulizi tena utakuja lini. Sasa anauliza kwa nini ulikaa siku chache, kwa hiyo usidhani umepata nafuu.

Barua yako fupi imefika. Kwamba msimamizi wa jenereta amekwisha teuliwa na wewe umerudishwa kwenye kufunga taa za nyumba za wafanyakazi. Uliandika kwa mstari mmoja kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nimelia. Simeoni aliniuliza kuna nini, nikamsomea. Akaenda nje kupasua kuni ambazo zilikuwa zimekwisha pasuliwa.

Nataka nikueleze tulivyokuona siku ya baraza, maana wewe ulikuwa unatazama chini. Ulipoanza kusema kwa Kiswahili chako cha Tanga, vijana walicheka, na Jumbe akauliza kwa sauti, "Huyu Mswahili ametoka wapi?" Nikadhani umeshindwa. Kisha ukafungua kinywa ukasema Kinyaturu, Kinyaturu cha jikoni kwa Mama, na hata mbwa walitulia. Kwa lugha yetu kuwa salama na kuzimwa ni maneno yasiyojuana kabisa. Ukasema, "Nilimaanisha hili, nikaandika lile." Kila mtu alielewa isipokuwa Bwana Maji.

Na mkalimani akawa nani? Manase! Sijawahi kuona mtu akitokwa jasho namna ile kwa sentensi mbili. Ilimbidi ayatafsiri kwa Kiingereza, hili na lile, na Bwana Maji akamgeukia akamwuliza, "Na wewe siku ile uliwasomea lipi?" Manase akatazama watu wote waliopiga vigelegele pale birikani. Akasema, "La salama, Bwana." Namsikitikia kidogo. Kidogo tu.

Uamuzi umefika kutoka Dodoma juma lililopita. Simeoni anabaki kwenye kazi yake, bila shitaka. Jumbe ameonywa, na kasha la askari limepigwa lakiri, asilifungue mwingine ila mwendesha mashine. Mota uliyoisuka inakwenda vizuri. Juzi askari aliruka tena, tak! na ng'ombe walikuwa wamejaa. Lakini hakuna aliyepiga kelele, kaka. Jumbe Mughwai mwenyewe alisema, "Tulieni, ana neno." Simeoni akapima waya kwa waya, akafungua kasha, akamtoa mjusi aliyekufa katikati ya vyuma. Watu walicheka mpaka jioni.

Sasa lile ninalotaka ulijue, na Simeoni hajui kwamba ninaliandika. Bwana Maji anatafuta fundi wa visima vyote vya Singida, toka Iramba hadi Manyoni. Alikuwa mjini wiki hii. Simeoni aliondoka kabla ya jogoo, kwa miguu, na mabaka yake ya viganja bado yanaonekana. Nilimwuliza anakwenda wapi, akasema chumvi. Alirudi kesho yake bila chumvi, akala, akalala.

Hirji ndiye aliyeniambia, maana duka lake linatazamana na nyumba alimofikia Bwana Maji. Anasema Simeoni alisimama mlangoni tangu asubuhi, kofia mkononi, wakamfukuza akarudi, wakamfukuza akarudi, mpaka Bwana Maji alipotoka kupanda gari na kumwuliza anataka nini.

Akasema, "Ninaye shemeji."

Raheli